Ndoa peke yake haitoshi: masharti ya kupata ukaazi wa kudumu Uingereza kwa ajili ya kuishi na mwenzi

Mtu aliyeoa au kuolewa na mkaazi wa Uingereza hapati haki ya kuishi nchini humo kwa sababu ya ndoa pekee. Kati ya siku ya kufunga ndoa na siku ya kupewa ukaazi wa kudumu kuna safari ya miaka isiyopungua mitano, maombi matatu, mitihani kadhaa na maelfu ya pauni. Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki bado wako wengi wanaoamini kwamba cheti cha ndoa ndicho viza. Imani hiyo imewagharimu wengi, na baadhi yao wametenganishwa na waume, wake na watoto wao kwa miaka.

Haikuwa hivyo siku zote. Hadi mwaka 2003, mwenzi aliyeingia Uingereza alikaa kwa muda wa majaribio wa miezi 12 tu kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu. Mwaka huo muda ukaongezwa kuwa miaka miwili. Julai 9, 2012 serikali ya Waziri Mkuu David Cameron ikaufanya kuwa miaka mitano, na siku hiyo hiyo ikaanzisha sharti ambalo limezua mabishano kuliko mengine yote: kima cha chini cha mapato.

Historia ya nyuma zaidi nayo ina funzo lake. Wanawake watatu waliokuwa wakiishi Uingereza, Abdulaziz, Cabales na Balkandali, waliishitaki nchi hiyo katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mjini Strasbourg, wakidai kwamba mwanamume aliruhusiwa kwa urahisi kumleta mkewe ilhali mwanamke alizuiwa kumleta mumewe. Walishinda mwaka 1985. Serikali ya London ilitii hukumu hiyo kwa namna ambayo hawakuitarajia: badala ya kuwalegezea wanawake, iliwakazia wanaume, na wote wakawa sawa katika ugumu.

Nani anaweza kuwa mdhamini

Anayemwita mwenzake, yaani mdhamini, kwa kawaida huwa raia wa Uingereza, au mtu mwenye ukaazi wa kudumu, au aliyepewa hifadhi ya ukimbizi. Mwanafunzi na mfanyakazi mwenye viza ya muda wana taratibu zao, na wasichanganywe na hawa.

Kwa wakimbizi, na hapa wamo Wakongo, Warundi na Wasomali wengi wanaosema Kiswahili, mambo yalibadilika hivi karibuni. Zamani mkimbizi aliyeacha mke au mume nyumbani aliweza kumwita kwa utaratibu maalumu usio na ada wala sharti la mapato. Septemba 4, 2025 serikali ilisimamisha kupokea maombi mapya chini ya utaratibu huo, na wakimbizi wakaambiwa watumie njia ile ile inayotumiwa na raia, pamoja na masharti yake ya fedha. Kwa mtu aliyeanza maisha upya akiwa na kazi ya kufagia ofisi usiku, hayo si mabadiliko madogo.

Wenzi wote wawili lazima wawe wametimiza umri wa miaka 18 na wawe wamewahi kuonana ana kwa ana. Ndoa ya kupangiwa na wazazi haikatazwi. Kinachokatazwa ni ndoa ya kulazimishwa. Aidha, mwenye wake wawili hawezi kumleta wa pili iwapo wa kwanza yuko Uingereza au alikwishapewa ruhusa ya kuingia kama mke wake, hata kama ndoa zote mbili ni halali kwa sheria ya Zanzibar au ya Oman.

Nikaha, cheti na talaka

Sheria ya Uingereza huuliza kwanza swali moja: je, ndoa hii ilikuwa halali mahali ilipofungwa? Nikaha iliyofungwa Tanga na kusajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inatambuliwa. Vivyo hivyo iliyofungwa Mombasa na kusajiliwa chini ya Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014. Tatizo huwapata wale ambao ndoa yao ilishuhudiwa na mtaa mzima, pilau likaliwa, mahari ikatolewa, lakini hapana aliyekwenda kuisajili. Karatasi ya msikiti peke yake mara nyingi haitoshi, na ni afadhali usajili ukamilishwe kabla ya maombi kuliko kueleza baadaye kwa nini haukufanyika.

Jambo la kushangaza wengi ni kwamba nikaha inayofungwa Uingereza kwenyewe ndiyo yenye hatari zaidi. Ndoa ya Kiislamu iliyofungwa nyumbani, hotelini au katika msikiti usiosajiliwa kwa shughuli hiyo, bila kufuatwa na ndoa ya kiserikali, haihesabiwi kuwa ndoa kisheria katika England na Wales. Februari 2020 Mahakama ya Rufaa ilithibitisha hivyo katika shauri la mume na mke waliofunga nikaha London mwaka 1998, wakaishi pamoja kwa miaka mingi na kuzaa watoto wanne. Wenzi wa namna hiyo hawafungiwi mlango kabisa. Wanaweza kuomba kama watu wanaoishi katika uhusiano unaofanana na ndoa, mradi uwe umedumu kwa muda usiopungua miaka miwili. Tangu Januari 31, 2024 si lazima tena kuthibitisha kwamba waliishi chini ya paa moja kwa muda huo wote, jambo ambalo zamani liliwashinda wengi waliotenganishwa na bahari.

Talaka za nyuma nazo huzua matata. Aliyewahi kuoa au kuolewa lazima aonyeshe kwamba ndoa ile ya kwanza ilikwisha kisheria. Sheria ya Familia ya mwaka 1986 hutofautisha talaka iliyopitia utaratibu rasmi, kama vile mahakama, na talaka iliyotamkwa tu. Ya kwanza hutambuliwa kwa wepesi. Ya pili haitambuliwi endapo mmoja wa wanandoa alikuwa mkaazi wa kawaida wa Uingereza kwa mwaka mzima kabla ya kutamkwa. Na mume aliyeko London akamtamkia mkewe wa Pemba talaka tatu kwa simu, mbele ya sheria ya Uingereza hajaacha mke, kwani ndani ya nchi hiyo ni mahakama pekee inayovunja ndoa. Mtu huyo akioa tena na kumwombea viza mke mpya, maombi yataanguka, na si kwa sababu ya mke mpya. Hati ya mahakama ya kadhi au ya mahakama ya kawaida ina nguvu kuliko barua ya talaka.

Hati yoyote iliyoandikwa kwa Kiswahili, kikiwemo cheti cha ndoa, lazima iambatane na tafsiri kamili ya Kiingereza yenye jina, saini, tarehe na anwani ya mfasiri, pamoja na kauli yake kwamba tafsiri ni sahihi. Tafsiri iliyofanywa na shemeji anayejua Kiingereza haikubaliki.

Pauni 29,000

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kuanzia mwaka 2012 mdhamini alitakiwa awe na mapato ya pauni 18,600 kwa mwaka kabla ya kukatwa kodi, na zaidi kama kuna watoto wasio raia. Aprili 11, 2024 kima hicho kilipandishwa hadi pauni 29,000, na nyongeza ya watoto ikafutwa kwa waombaji wapya. Serikali ya chama cha Conservative ilikusudia kukifikisha pauni 38,700. Serikali ya Labour iliyoingia madarakani Julai 2024 ilisimamisha upandishaji huo na kuitaka Kamati ya Ushauri wa Uhamiaji ilitazame upya suala zima. Kamati ilitoa ripoti yake Juni 2025, na hadi mwisho wa mwaka huo kima kilikuwa bado pauni 29,000. Waliokwisha kuanza safari hii kabla ya Aprili 11, 2024 na mwenzi yule yule huendelea kupimwa kwa kima cha zamani.

Uzito wa fedha hizo huonekana ukilinganishwa na mishahara. Kima cha chini cha mshahara kilichoanza kutumika Aprili 2025 kwa watu wazima kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Anayefanya kazi saa 40 kila wiki, mwaka mzima, kwa malipo hayo hupata takriban pauni 25,400. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kufanya kazi ya halali bila kukosa hata siku moja, akalipa kodi, asimdai mtu, na bado sheria ikasema hana uwezo wa kuishi na mkewe.

Tena si fedha yoyote inayohesabiwa. Mshahara wa mwombaji aliyeko nje hauingizwi katika hesabu, hata awe daktari Dar es Salaam au mfanyabiashara Dubai. Kinachotazamwa ni mapato ya mdhamini. Ahadi ya mjomba kwamba atawasaidia wanandoa kwa kawaida haina uzito, ijapokuwa kwa desturi za Waswahili mjomba ndiye benki. Zawadi ya fedha hukubaliwa endapo imekwisha kutolewa na imekaa katika akaunti ya wanandoa kwa miezi sita.

Akiba inaweza kuziba pengo la mshahara, lakini kwa hesabu yake maalumu. Pauni 16,000 za mwanzo hazihesabiwi kabisa. Kinachozidi hapo hugawanywa kwa mbili na nusu. Chukuliwe mfano wa mwanamke anayewahudumia wazee mjini Leicester kwa mshahara wa pauni 24,000 kwa mwaka, na mumewe yuko Tanga. Amepungukiwa na pauni 5,000. Zikizidishwa kwa mbili na nusu ni 12,500. Ukiongeza 16,000 zinakuwa 28,500. Lazima fedha hizo ziwe zimekaa benki kwa miezi sita mfululizo bila kushuka chini ya hapo. Asiye na mshahara wowote huhitaji pauni 88,500.

Kuna wanaosamehewa. Mdhamini anayepokea posho fulani za ulemavu, au posho ya kumhudumia mlemavu, hapimwi kwa kima cha pauni 29,000. Hutakiwa kuonyesha tu kwamba familia inaweza kujikimu na kupata makazi. Wengi wenye haki hii hawaijui, na wapo waliokata tamaa bure.

Suala hili lilifika hadi Mahakama ya Juu ya Uingereza. Februari 22, 2017, katika shauri linalojulikana kama MM, majaji walisema kwamba kuweka kima cha mapato si kinyume cha sheria, hata kama kinawaletea maelfu ya watu dhiki. Hata hivyo walikosoa jinsi kanuni zilivyopuuza maslahi ya watoto na vyanzo vingine vya fedha. Kutokana na hukumu hiyo, kanuni zilirekebishwa Agosti 2017: pale ambapo kukataa viza kungeleta madhara makubwa yasiyo ya haki, afisa anatakiwa atazame pia fedha nyingine za kuaminika, zikiwemo za ndugu. Miaka miwili kabla ya hapo, ofisi ya Kamishna wa Watoto wa England ilikuwa imetoa ripoti kuhusu watoto waliokua wakimjua mzazi mmoja kwa kioo cha kompyuta tu. Watoto hao walipewa jina la watoto wa Skype. Programu hiyo ilizimwa mwaka 2025. Watoto wa aina hiyo bado wapo.

Kwa mwajiriwa, uthibitisho wa kawaida ni hati za mshahara za miezi sita, taarifa za benki za miezi ile ile zinazoonyesha mishahara ikiingia kwa kiasi kile kile, na barua ya mwajiri. Maafisa hulinganisha hati hizo moja moja. Mwezi mmoja uliokosekana, au mshahara uliolipwa taslimu usioonekana benki, umewahi kuangusha maombi ambayo kila kitu kingine kilikuwa sawa.

Kiingereza, kifua kikuu na nyumba

Tangu Novemba 29, 2010 mwenzi anatakiwa athibitishe Kiingereza chake kabla ya kuingia nchini. Kiwango cha mwanzo ni A1, na mtihani ni wa kuzungumza na kusikiliza tu. Si mgumu kwa aliyesoma kidogo. Lakini Wakenya na Waganda hukasirishwa, na si bila sababu, wanapoambiwa kwamba kusomeshwa kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza hakuwaondolei mtihani, kwa kuwa nchi zao hazimo katika orodha ya zile zinazohesabiwa kuwa za wasemaji wa Kiingereza. Anayesamehewa ni mwenye shahada ya chuo kikuu iliyofundishwa kwa Kiingereza na kuthibitishwa, mwenye umri wa miaka 65 na kuendelea, au mwenye ulemavu unaomzuia.

Kwa mwanamke wa kijijini aliye mbali na kituo cha mtihani, habari ni nyingine. Novemba 2015 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba sharti lenyewe ni halali, lakini ikaonya kwamba mwongozo wake unaweza kukiuka haki za wale ambao kwa hali halisi hawawezi kusoma wala kusafiri hadi kwenye mtihani.

Wanaoishi Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo hupimwa pia kifua kikuu katika zahanati zilizoidhinishwa, na cheti chake hudumu miezi sita. Nyumba isiwe na msongamano: sheria ya nyumba ya mwaka 1985 huruhusu watu wawili kwa chumba kimoja, watatu kwa vyumba viwili, watano kwa vyumba vitatu, na sebule nayo huhesabiwa. Kuishi kwa wakwe kunaruhusiwa, ikiwa wenye nyumba wameridhia kwa maandishi.

Kuthibitisha mapenzi kwa karatasi

Afisa anayesoma maombi hawajui wanandoa, wala hajui kwamba katika desturi za pwani mchumba haonekani akimshika mkono mwenzake pichani kabla ya ndoa. Anachotafuta ni dalili kwamba uhusiano ni wa kweli na kwamba wawili hao wanakusudia kuishi pamoja Uingereza. Tiketi za safari za mdhamini kwenda nyumbani, risiti za fedha zilizotumwa, picha za harusi zikiwa na wazee wa pande zote mbili, kumbukumbu za simu na ujumbe wa miezi mingi, vyote husaidia. Kumwaga kurasa 400 za mazungumzo ya WhatsApp hakusaidii. Ni bora kuchagua kurasa chache kutoka kila kipindi na kuzitafsiri, pamoja na barua fupi ya kueleza jinsi posa ilivyokwenda na nani alikuwapo.

Maombi hujazwa kwa intaneti, kisha mwombaji huenda kituo cha viza kutoa alama za vidole na picha. Onyo moja ni la lazima hapa. Asitokee mtu akaingia Uingereza kwa viza ya matembezi kwa nia ya kubadilisha huko huko. Kanuni haziruhusu mgeni wa matembezi kuhamia njia ya mwenzi akiwa ndani ya nchi, ila kwa mazingira ya kipekee. Wachumba ambao hawajaoana wana viza yao ya miezi sita, ambayo haimruhusu aliyekuja kufanya kazi hadi wafunge ndoa na kubadilisha kibali.

Vishoka nao hawakosekani. Nchini Uingereza kutoa ushauri wa uhamiaji kwa malipo au bure, bila kuwa mwanasheria au kusajiliwa, ni kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 1999. Msimamizi wa washauri hao tangu Januari 2025 huitwa Immigration Advice Authority, na orodha yake ya waliosajiliwa iko wazi kwa kila mtu. Hati moja ya kughushi, hata ile ambayo haikuhitajika, huweza kuharibu jina la mwombaji kwa miaka mingi.

Miaka mitano na mitego yake

Aliyekubaliwa akiwa nje hupewa miezi 33. Kisha huongezewa miezi 30, na akitimiza miezi 60 huomba ukaazi wa kudumu. Kuna mtego ambao haumo katika barua ya kukubaliwa. Ukijumlisha 33 na 30 unapata 63, hivyo inaonekana kuna nafasi ya kutosha. Lakini nyongeza ya miezi 30 huanza kuhesabiwa kuanzia uamuzi wa maombi ya pili. Aliyeharakisha akaomba nyongeza katika mwezi wa 26 atajikuta kibali chake kinakwisha katika mwezi wa 56 au 57, kabla ya miaka mitano kutimia, na atalazimika kuomba nyongeza nyingine na kulipa upya. Aliyechelewa naye, kibali kikaisha mikononi, amejiingiza katika balaa kubwa zaidi. Wakati unaofaa ni kati ya kutimiza miezi 30, au hadi siku 28 kabla ya hapo, na siku kibali kinapokwisha.

Ada hazina huruma. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025, ombi la kwanza kutoka nje lilikuwa pauni 1,938, la nyongeza pauni 1,321, na la ukaazi wa kudumu pauni 3,029. Juu ya hayo kuna tozo ya huduma ya afya, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka, na hulipwa yote mbele: pauni 3,105 kwa kipindi cha kwanza na 2,587.50 kwa cha pili. Jumla yake ni karibu pauni 12,000 kwa mtu mmoja, bila kuhesabu mitihani, tafsiri, tiketi wala wakili. Kwa muda huo wote mwenzi anaruhusiwa kufanya kazi na analipa kodi kama wengine, lakini hana haki ya kupokea posho za serikali.

Kwenye nyongeza Kiingereza hupandishwa hadi A2, na kwenye ukaazi wa kudumu sharti lililozoeleka limekuwa B1, pamoja na mtihani wa maisha ya Uingereza: maswali 24 kwa dakika 45, na anayefaulu ni aliyepata 18. Waraka wa sera uliotolewa na serikali Mei 2025 ulipendekeza kwamba wahamiaji wengi wasubiri miaka 10 badala ya mitano kabla ya ukaazi wa kudumu, na kwamba viwango vya Kiingereza vipandishwe. Waraka huo huo ulisema wenzi wa raia wa Uingereza watabaki na miaka mitano. Kwa kuwa mambo haya yako katika mabadiliko, kila mwombaji asome kanuni za siku anayoomba, asitegemee uzoefu wa jirani aliyepita miaka mitatu nyuma.

Kwingineko mambo si mepesi sana. Ujerumani tangu Agosti 2007 inamtaka mwenzi ajue Kijerumani cha A1 kabla ya kuingia, ingawa mwenzi wa raia wa nchi hiyo huweza kupata kibali cha kudumu baada ya miaka mitatu. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1986, humpa mwenzi ambaye ndoa yake haijafika miaka miwili kibali chenye masharti cha miaka miwili, kisha wanandoa huomba kwa pamoja masharti yaondolewe. Kinachoitofautisha Uingereza ni ukali wa mapato na wingi wa malipo.

Viza ikikataliwa, ndoa ikivunjika

Barua ya kukataliwa si mwisho wa habari. Mwombaji aliyeko nje ana siku 28 za kukata rufaa, na aliyeko ndani siku 14. Rufaa husikilizwa kwa msingi wa haki ya maisha ya kifamilia iliyomo katika kifungu cha 8 cha Mkataba wa Haki za Binadamu wa Ulaya. Pale ambapo kosa lilikuwa hati iliyosahauliwa, mara nyingi huwa ni haraka zaidi kuomba upya kwa usahihi kuliko kungoja mahakama, ijapokuwa ada hulipwa tena.

Watoto wa ndoa iliyopita wanahitaji uangalifu wa pekee. Mzazi anayekuja Uingereza akitaka kufuatana na mtoto wake lazima, kwa kawaida, aonyeshe kwamba yeye peke yake ndiye mwenye dhamana ya malezi, ama kwamba mzazi mwingine amefariki. Katika jamii ambazo mtoto hulelewa na bibi, na baba hutuma ada ya shule anapojaaliwa, kuthibitisha jambo hilo ni kazi. Kwa upande mwingine, mtoto wa mdhamini ambaye ni raia aliyezaliwa Uingereza huenda tayari ni raia, hata kama amezaliwa Lamu, na anachohitaji ni pasipoti, wala si viza.

Lililo zito zaidi ni hali ya mwenzi anayepigwa au kunyanyaswa. Wapo wanawake, na wanaume pia, wanaovumilia mateso kwa kutishwa kwamba wakitoka nyumbani watarudishwa kwao. Kwa mwenzi wa raia au wa mwenye ukaazi wa kudumu, kitisho hicho ni cha uongo. Mwenye viza ya mwenzi ambaye uhusiano wake umevunjika kwa sababu ya unyanyasaji wa nyumbani anaweza kuomba ukaazi wa kudumu papo hapo, bila kungoja miaka mitano, bila mtihani wa Kiingereza na bila sharti la mapato. Akiwa hana fedha, anaweza kwanza kupewa kibali cha miezi mitatu kinachomruhusu kupata msaada wa serikali na makazi ya hifadhi huku akitayarisha ombi hilo. Ripoti ya polisi, barua ya daktari au ya shirika la kusaidia wanawake huwa ushahidi. Mwenzi aliyefiwa naye hupewa haki kama hiyo. Ndoa iliyovunjika kwa sababu nyingine haina kinga: Wizara ya Mambo ya Ndani lazima iarifiwe, na kibali huweza kufupishwa.

Anayefika mwisho na kupewa ukaazi wa kudumu hana tena mipaka ya muda wala ada za kila mara. Kibali chenyewe siku hizi hakina kadi. Kimehifadhiwa kwa njia ya elektroniki. Aliyefunga ndoa na raia anaweza kuomba uraia mara moja ikiwa ameishi nchini miaka mitatu. Kwa Mkenya au Mganda uamuzi huo si mgumu, kwani nchi zao zinaruhusu uraia wa nchi mbili. Mtanzania huupoteza uraia wa nchi yake anapochukua wa Uingereza kwa hiari, na kwa sababu hiyo wengi huchagua kubaki na ukaazi wa kudumu maisha yao yote. Wanaochagua hivyo wana jambo moja la kukumbuka wanaporudi nyumbani kuuguza mzazi au kujenga: akikaa nje ya Uingereza zaidi ya miaka miwili mfululizo, ukaazi huo hukoma wenyewe, na kuurudisha kunahitaji maombi mapya.